Pigo la Tatu la Alberte

Kwa miaka ishirini na sita Egon Ravnskjær, mtunza majengo wa shule ya Birkelund, aliunda pipa la Fastelavn, sherehe ya watoto ya kabla ya Kwaresima, kwa mikono yake mwenyewe, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto hata mmoja aliyejua kwamba pipa lile lilikuwa limeshindwa kabla halijapigwa.

Baba yake alikuwa fundi mapipa bandarini, enzi ambazo samaki wa chumvi walisafirishwa kwa mapipa. Egon alirithi kwake randa, misumeno na kiburi. Shule nyingine zilinunua mapipa mepesi dukani, ya mbao laini kama sanduku la matunda. Egon hakutaka hata kuyasikia. Lake lilikuwa la mbao za kweli, limefungwa pete za chuma, ubavuni limechorwa paka mweusi, na tumboni limejaa peremende na machungwa madogo. Watoto hulipiga kwa gongo kwa zamu, na anayelimaliza huvikwa taji la karatasi na kuitwa mfalme au malkia wa paka.

Lakini Birkelund ilikuwa shule ya serikali ya watoto wenye usonji na mahitaji maalumu. Mmoja alipiga kwa mkono mmoja kwa kuwa wa pili haukumtii. Mwingine alipiga akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwingine aligusa pipa kwa ncha ya gongo, kisha akakimbia kujificha nyuma ya baiskeli. Pipa la kweli lingewacheka watoto hawa mpaka Pasaka. Kwa hiyo kila mwaka, siku moja kabla ya sherehe, Egon aliingiza msumeno mwembamba ndani ya pipa akazikata mbao kwa ndani, nyuma ya pete, mahali ambapo jicho halifiki, mpaka kila ubao ukabaki na unene wa ganda la mkate. Kisha akafunga kitako, akanyamaza. Hakuona kuwa ni udanganyifu. Aliona ni ufundi.

Mwaka huu alikata zaidi. Sababu zilikuwa mbili, na ya kwanza ilikuwa hicho kiburi. Mwaka uliopita pipa lilikataa kufa. Watoto walilipiga kwa muda wa saa mbili kwenye baridi, wakalia, mmoja akajikojolea, na mwishoni Egon mwenyewe alikwenda kuleta shoka.

"Mfalme wa paka akawa mtunza majengo!" Rigmor, mwalimu wa darasa la wakubwa, hakuchoka kumkumbusha. "Tulikuvika taji la karatasi, Egon. Lilikupendeza kweli. Mwaka huu umetengeneza nini, meli ya kivita?"

"Nimetengeneza pipa, Rigmor. Wewe fundisha."

"Henriette anasema tununue la dukani."

"Henriette ni mwalimu mkuu. Mimi nikimfundisha ualimu, na yeye atanifundisha mapipa."

Sababu ya pili ilikuwa Alberte.

Alberte Munkholm alikuwa na miaka kumi na miwili, urefu wa mtu mzima na mabega ya mpakuzi wa bandarini. Maneno yake yalikuwa machache na mengi yake yalikuwa namba. Kila siku saa nne alikuja karakana ya Egon kuhesabu skrubu, akazipanga kwa urefu, akaondoka bila kuaga. Kabla ya Krismasi alimvunja mwalimu mmoja kidole. Januari alimng'ata msaidizi wa darasa mpaka akashonwa nyuzi saba. Ndipo halmashauri ilipoandika barua: mtu mzima mmoja zaidi akipelekwa hospitali kwa mkono wa msichana huyu, atahamishiwa kwenye makao ya kulala upande wa pili wa nchi, na mama yake atamwona mara moja kila wiki mbili.

Mama mtu alioka mikate usiku na alimlea peke yake. Siku ile ya barua aliingia karakana ya Egon kwa kuwa ndio mlango uliokuwa karibu. Hakulia. Alimwomba Egon amtengenezee zipu ya koti la Alberte, na wakati Egon anaikaza kwa koleo, alisimama akisoma barua ileile tena na tena, kana kwamba safari hii ingesema jingine.

Egon alitaka mtoto yule aitwe malkia walau siku moja. Alijua Alberte ndiye wa mwisho kwenye mstari. Alipiga hesabu yake: wengine watalegeza, Alberte atakuja na mapigo matatu, la kwanza litadondosha kitako, la pili litapasua ubavu, la tatu litamaliza kazi. Alikata kwa hesabu hiyo. Msumeno uliteleza vizuri sana, na mkono wa mzee ukafurahia kazi kuliko ilivyopasa.

Jumatatu ya sherehe ilikuwa na theluji nyembamba na upepo wa baharini. Pipa lilining'inia kwa kamba katikati ya uwanja. Ukutani, kando ya mlango wa ukumbi, Rigmor alikuwa amebandika mpango wa siku kwa picha. Pale Birkelund kilichobandikwa ubaoni hutendeka, na kisichobandikwa hakipo duniani. Kila mtoto alikuwa na picha tatu za gongo, kisha picha ya andazi la krimu. Jambo likimalizika, mtoto anang'oa picha yake na kuitumbukiza kwenye mfuko mwekundu. Watoto wengine walikuwa wamevaa kama maharamia na nyuki na wazima moto. Alberte alivaa koti lake lilelile. Picha ya vazi aliing'oa wiki iliyotangulia akaila.

Walipiga kwa zamu. Jeppe, wa kiti cha magurudumu, alipiga mara tatu na mara zote tatu pipa lilitoa mlio wa kupendeza. Egon alisimama kando mikono mfukoni, akisikiliza. Alisikia kwamba mbao zilikuwa zinalia mapema mno. Akajiambia ni upepo.

Ikafika zamu ya Alberte.

Pigo la kwanza lilipasua ubavu badala ya kitako. Alberte alikwenda ubaoni, akang'oa picha moja, akaitumbukiza mfukoni, akarudi. Pigo la pili lilikuwa zito hivi kwamba watu wazima walilisikia kwenye meno. Pipa lote likaachia kwa mpigo, kitako, mbao, pete, vyote, likamwaga peremende na machungwa juu ya theluji. Kamba ikabaki ikicheza bila kitu.

Watoto wakapiga kelele. Wengine kwa furaha, wengine kwa hofu, wote kwa sauti moja. Waliotaka peremende wakarukiana. Alberte alikwenda ubaoni, akang'oa picha ya pili. Ya tatu ilikuwa bado ipo. Alirudi na gongo lake akasimama chini ya kamba, akatazama juu, mahali ambapo pipa lilikuwa.

"Malkia wa paka!" Henriette alipaza sauti. "Malkia ni Alberte!"

Henriette ndiye aliyekuwa akiwafundisha watumishi wapya kila Agosti: msimjie mtoto kwa nyuma, msimguse kichwa, msipaze sauti. Alikuwa ameiandika kanuni hiyo kwa mkono wake na kuibandika chumba cha chai. Lakini furaha nayo ni kilevi. Alimjia Alberte kwa nyuma na kumvika taji la karatasi kichwani.

Gongo lilizunguka kabla ya uso. Lilimpata Henriette sikioni. Alianguka kwa ubavu bila hata kuweka mikono, na damu ikatoka sikioni ikachora mstari mwembamba kwenye theluji.

"Ndani!" Rigmor aliita. "Wote ndani, sasa!"

Walikuwa wamelifanyia mazoezi jambo hili. Watu wazima hawamshiki mtoto aliyechafukwa. Wanamwachia uwanja, wanawaondoa wengine. Lakini mazoezi hayana damu. Haramia mmoja alimng'ata nyuki shavuni. Kiti cha Jeppe kilipinduka, na Jeppe akapiga mayowe mdomo ukiwa ndani ya theluji mpaka Rigmor alipombeba kama gunia. Mtoto mwingine aligonga paji la uso wake ukutani, mara ya nne, mara ya tano, huku msaidizi akiingiza kiganja chake katikati ya kichwa na matofali. Wasaidizi wawili walimkokota Henriette kwa makwapa. Mlango ukafungwa.

Alberte alibaki nje, na Egon alibaki nje kwa kuwa hakuna aliyemkumbuka.

Msichana alitembea kwa haraka, ameshika gongo kwa mikono miwili, akitafuta. Alilipiga banda la baiskeli. Alipiga kioo cha mlango wa ukumbi kikamwagika ndani, na watoto wakapiga mayowe upya. Teksi ya kuwarudisha watoto nyumbani ilikuwa imefika mapema, na dereva akateremsha kioo.

"Mnafuga chui hapa? Hebu mshikeni huyo!"

"Funga mdomo, na kioo pia," Egon alimwambia bila kumtazama.

"Wewe mzee, unaniambia mimi nif..."

Gongo lilishuka kwenye kioo cha mbele. Dereva alijirusha kiti cha nyuma na vipande vya kioo vikamfuata. Alberte alipiga tena. Alipiga taa ya kulia, akapiga ya kushoto. Kutoka kule nyuma sauti ya dereva ilisikika ikiongea na polisi kwenye simu, ikitaja neno silaha mara tatu.

Kisha Alberte akasimama na kuanza kujipiga mwenyewe. Alijipiga kwa kitako cha gongo, kwenye paji la uso, taratibu, kwa hesabu.

"Tatu," alisema. Akajipiga. "Tatu." Akajipiga. Damu ikateremka mpaka kwenye nyusi.

Hapo ndipo Egon alipotazama ubaoni. Magongo ya watoto wengine wote yalikuwa yameng'olewa. Lilibaki gongo moja, la Alberte, na chini yake andazi. Akaelewa mara moja, na alichoelewa kilimwingia kama msumari. Mtoto hakuwa ameshambulia mtu. Aliahidiwa mapigo matatu na akapewa mawili, na pigo la tatu lilikuwa limeibiwa usiku wa jana, kwenye karakana, na fundi aliyekuwa akipiga mluzi.

Polisi wangefika baada ya dakika kumi. Wangekuta mtu mwenye urefu wa mtu mzima, ameshika gongo, uso una damu. Hawangeuliza ana miaka mingapi.

Egon hakukimbia. Aliinama akatafuta kwenye theluji. Pipa halikuwa limebakiza chochote cha kuning'iniza, ila mbao nne zilikuwa bado zimeshikana na kipande cha pete, na juu yake alikuwapo yule paka, mzima, macho ya njano. Alikiinua kipande kile kwa mikono miwili, akakiweka mbele ya kifua. Akatembea mpaka chini ya kamba. Hakumtazama Alberte machoni. Alitazama viatu vyake.

"Alberte," alisema kwa sauti ya siku zote, ile ya kuulizia skrubu. "Moja bado."

Gongo likatulia hewani.

"Pipa lipo hapa. Moja bado. Kisha basi."

Msichana alitazama ubao wa ukutani. Alimtazama paka. Akaja na kusimama mahali pake penyewe, pale palipochorwa mstari wa rangi, akapanga miguu kama alivyofundishwa. Egon alijua nguvu ya mkono ule kuliko mtu yeyote, kwa kuwa alikuwa ametoka kuusikia kwenye mbao. Akabana meno. Jambo moja tu alijikataza: kupiga kelele, maana kelele haikuwa ubaoni.

Alberte alipiga.

Mbao zilipasuka, na nyuma ya mbao vikapasuka vidole viwili vya mkono wa kushoto, na nyuma ya vidole ukavunjika mfupa unaoshika bega. Egon alisikia sauti zote tatu moja baada ya nyingine. Alipiga magoti. Theluji mbele yake ikawa nyeusi, kisha nyeupe tena. Hakulia.

Alberte aliweka gongo chini, sambamba na ukuta. Akang'oa picha ya tatu, akaitumbukiza kwenye mfuko mwekundu. Akasoma picha iliyofuata. Akaingia ndani kupitia mlango uliovunjwa, akikanyaga vioo, akaketi kwenye kiti chake mezani.

Polisi wawili walipofika walimkuta anakula andazi, krimu puani, na Rigmor anampangusa damu kwa kitambaa chenye maji.

"Mwenye silaha yuko wapi?" aliuliza mmoja.

"Ameketi hapo," Rigmor alisema. "Msubiri amalize kula. Msiseme neno mpaka amalize, la sivyo nitawapa ninyi hilo gongo."

Walisubiri. Mmoja alipewa andazi.

Karakana ilinuka gundi na vumbi la mbao. Egon alikuwa amekaa juu ya kibao, mkono wa kushoto ameufunga kifuani kwa skafu yake, vidole vimevimba na kubadilika rangi. Henriette aliingia amekandamiza taulo sikioni. Alifunga mlango kwa kisigino.

"Gari la wagonjwa naliita," alisema. "Kwako na kwangu."

"Usiite."

"Egon, jitazame! Unafanana na maiti."

"Ukiita, Alberte amekwenda. Unajua."

"Najua. Unadhani sijui? Nimemwahidi mama yake, mimi, mdomo huu!" Taulo lilikuwa limelowa upande mmoja. "Lakini ninapaswa kuandika. Nimewafukuza watu kazi kwa kutoandika. Sema ulianguka ngazi, basi, kama unataka. Mimi sikuona, nilikuwa chini."

"Sijapata kuanguka ngazi tangu nizaliwe. Siwezi kusema uongo wa kipumbavu hivyo."

"Basi unataka nini?"

Egon alinyoosha mguu akasukuma kipande cha ubao wa pipa kilichokuwa sakafuni mpaka kikafika kwenye kiatu cha Henriette. "Kiokote. Tazama kwa ndani."

Henriette alikiokota. Aliugeuza ubao. Alipitisha kidole kwenye mkato, ulionyooka kama mstari wa rula.

"Ni nini hii?"

"Msumeno. Kila mwaka nakata, ili waweze. Mwaka huu nimekata mno. Lilipaswa kuvumilia mapigo yake matatu. Lilivumilia mawili. La tatu lilikosa pa kwenda, likaja kwako."

Henriette aliuweka ubao chini. Kisha alimpiga Egon kofi. Halikuwa kofi la onyo. Lilikuwa la mkono mzima, la kutoka begani, na kichwa cha mzee kikagonga rafu ya makopo ya rangi. Kopo moja likaanguka. Maumivu ya mfupa yalimpanda Egon mpaka akaona nyota.

"Ulimchimbia mtoto shimo!" alisema Henriette. "Kwa ajili ya kiburi chako na mapipa ya baba yako! Ulimchimbia shimo!"

"Ndiyo," Egon alisema alipopata pumzi. "Na hilo nalo tuliandike?"

"Lipi?"

"Mwalimu mkuu amempiga mgonjwa. Alberte amepiga kwa kuwa hesabu yake haikutimia. Wewe umepiga kwa nini?"

Henriette alitazama kiganja chake. Kilikuwa chekundu. "Nilikuwa na hasira."

"Basi wewe ndiye wa kupelekwa upande wa pili wa nchi."

Mwalimu mkuu aliketi juu ya gunia la chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani. Nje polisi walisikika wakimwondoa dereva wa teksi, ambaye alikuwa bado anataja silaha.

"Simama," hatimaye alisema. "Funguo za gari ninazo."

Mapokezi ya hospitali yalijaa watu wa kawaida wa Jumatatu: mafua, vifundo vya miguu vilivyoteguka kwenye barafu. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani kwenye kamba, na aliuliza maswali yake huku akiandika.

"Imekuwaje, mzee?"

"Nilishika pipa la Fastelavn. Mtoto akapiga."

"Ulilishika? Kwa mikono?"

"Kamba haikuwa na kitu."

"Mtoto alikushambulia?"

"Hapana," Egon alisema, na aliona fahari kwamba kila neno lilikuwa la kweli. "Nilimwambia apige. Alipiga mahali nilipomwonyesha. Alilenga vizuri sana."

Muuguzi alicheka na kuandika. "Kila mwaka tunampata mmoja. Mwaka jana alikuwa mchungaji wa kanisa." Kisha akainua macho juu ya miwani. "Na wewe, mama? Hiyo damu?"

Henriette hakujibu. Muuguzi alikuwa upande wa sikio lililopigwa. Ilibidi aulizwe mara ya pili, na safari hii aligeuza kichwa kizima.

Egon alimtazama. Alimjua mwanamke huyu miaka tisa, na katika miaka tisa hakuwahi kumsikia akisema jambo ambalo hangeweza kulitia sahihi.

"Mimi?" Henriette alisema. "Mimi ni dereva wake tu."

"Sikio linavuja, mama. Daktari akuangalie, yuko hapo mlangoni."

"Nimeteleza kwenye barafu. Nina daktari wangu." Alikunja taulo, upande mchafu ukawa ndani. "Mshughulikieni mzee. Ana kiburi, atawaambia hana maumivu."

Hakwenda kwa daktari wake kwa wiki sita, mpaka ikawa hakuna tena wa kuuliza sikio lile liliharibikia wapi, na kwa wakati huo lilikuwa limekwisha kufa. Tangu hapo anayetaka kusikilizwa na mwalimu mkuu husimama kuliani kwake. Halmashauri ilipokea taarifa ya ajali moja, ya mtunza majengo aliyefanya uzembe na pipa, ikamwandikia Egon karipio. Alilisoma, akalikunja, akaona kwamba alistahili.

Alberte alibaki Birkelund. Mwezi Mei, kengele ya moto ilipolia bila kubandikwa ubaoni, alimng'ata Egon mkono wa kulia, ule mzima. Egon alimwita Rigmor amfunge bandeji palepale karakanani, mlango umefungwa.